Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali: pakiti za upasuaji tunazozitia saini bila ushahidi

Kwa Mkurugenzi wa Hospitali,
Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Nakala: Daktari Mkuu wa Upasuaji, Muuguzi Mkuu.

YAH: USAFISHAJI, UTAKASAJI NA UTUNZAJI WA VIFAA VYA UPASUAJI VINAVYORUDIWA KUTUMIKA

Waheshimiwa,

Kwa heshima kubwa, naomba mhusike na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha utakasaji, kile chumba cha mwisho wa korido ambacho wengi wenu hukipita mnapoelekea vyumba vya upasuaji. Kazi yangu ni kupokea vifaa vinavyotoka kwa mgonjwa vikiwa na damu, kuvisafisha, kuvikagua, kuvifunga, kuvitia kwenye otoklevu, yaani mashine ya kutakasa kwa mvuke wa moto wenye shinikizo, na kuvirudisha vikiwa tayari kwa mgonjwa mwingine. Kila pakiti inayotoka mikononi mwangu ina lebo, na kwenye lebo hiyo pana saini yangu. Barua hii inahusu saini hiyo, kwa sababu kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikiiweka juu ya vitu ambavyo siwezi kuviapia.

Sikuanzia hapa. Niliandika dokezo la kwanza kwa mkuu wa kitengo, la pili kwa kamati ya kuzuia maambukizi, na la tatu nililipeleka kwa mkono ofisini kwa Mkurugenzi, likagongwa muhuri wa mapokezi mbele yangu. La kwanza nilijibiwa kwa mdomo kwamba bajeti imeshafungwa. La pili liliingizwa kwenye ajenda ya kikao kilichoahirishwa mara mbili. La tatu halijajibiwa hadi leo. Sitataja jina la hospitali wala la mtu yeyote, kwa kuwa nia yangu si kumvunjia mtu heshima. Wanaohusika wanajua kuwa ni wao wanaoandikiwa.

Kilichonitoa kwenye ukimya ni jambo la dakika chache. Asubuhi moja muuguzi wa chumba cha upasuaji alifungua seti ya upasuaji wa tumbo, akaipanga mezani, na alipokitanua kibanio kimoja cha mishipa ya damu akaona kitu cheusi kimejibana kwenye maungio yake. Alikikwangua kwa ncha ya sindano, kikabanduka kama ganda. Ilikuwa damu ya mgonjwa aliyetangulia, imekauka, kisha ikaokwa humo humo na joto la otoklevu. Tepu iliyofungia pakiti ile ilikuwa imebadilika rangi vizuri kabisa, mistari yake myeusi imekolea, na kando yake palikuwa na saini yangu. Mgonjwa alikuwa amekwisha kupewa nusukaputi. Seti nzima iliondolewa, ikatafutwa nyingine, na kwa zaidi ya nusu saa mtu alilala mezani akiwa chini ya dawa ya usingizi bila jambo lolote kufanyika. Kwenye taarifa ya siku ile iliandikwa "kuchelewa kwa vifaa", basi.

Tepu ile haikudanganya. Sisi ndio tunaoisemea isichosema. Wino wake hubadilika rangi unapokutana na joto na mvuke, na kwa hiyo inathibitisha jambo moja tu: kwamba pakiti hii iliingia kwenye mashine. Haijui kama mvuke ulifika katikati ya pakiti, haijui ulikaa muda gani, wala haijui kama kilichofungwa ndani kilikuwa safi. Hospitali yetu imeifanya tepu kuwa ushahidi wa kila kitu, na malalamiko yangu yote yaliyo hapa chini, ukiyafuata hadi chanzo chake, yanarudi hapo.

1. Vifaa hutufikia vikiwa vimekauka, na usafishaji hufanywa kwa kukimbizana.

Kutakasa ni kuua kila kijidudu, pamoja na spora, yaani hali ya bakteria waliojifunga ndani ya ganda gumu, ambazo ni ngumu kufa kuliko bakteria wenyewe. Mvuke huua kile unachokigusa. Damu iliyoganda, mafuta, au uzi wa tishu ulionasa kwenye meno ya kibanio huwa ngao ya kijidudu kilicho chini yake, na hakuna joto lolote la otoklevu linaloifanya kazi ambayo brashi haikuifanya.

Upasuaji wa saa nane usiku ukimalizika, vifaa hukaa kwenye beseni kavu hadi zamu ya asubuhi ifike saa moja. Hizo ni saa tano. Damu iliyokaa saa tano kwenye maungio haitoki kwa kusuuzwa, na anayejaribu kuitoa kwa maji ya moto sana huiharibu kazi zaidi, kwa sababu protini huganda kwa joto na kushika kwenye chuma. Maji yanayotakiwa ni ya uvuguvugu, yasiyozidi kama nyuzi 45 za Selsiasi.

Badala ya hayo tuna ndoo ya klorini. Wengi wetu tulifundishwa hivyo chuoni: zamisha vifaa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, ndipo uoshe. Nami nilifanya hivyo kwa miaka bila kuuliza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu vifaa tiba vinavyorudiwa kutumika unaelekeza kinyume chake, kwamba vifaa visilowekwe kwenye dawa ya kuua vijidudu kabla ya kusafishwa. Sababu zake anaziona kila anayefanya kazi kwenye sinki: damu huidhoofisha klorini mara inapoingia ndani yake, klorini hukila chuma cha pua mpaka kinaota vishimo ambamo uchafu hujificha, na anayeona vifaa vimelowekwa hudhani hatari imekwisha, akavishika ovyo. Maji ya dripu nayo, kwa ajili ya chumvi yake, hukila chuma vilevile, ingawa bado naona mikasi ikisuuzwa kwa dripu iliyobaki.

Utaratibu sahihi hauna maajabu. Muuguzi anayemsaidia daktari huvipangusa vifaa upasuaji ukiendelea; upasuaji ukiisha vifaa hufunikwa kwa kitambaa kilicholowa maji au kupuliziwa dawa ya kuvizuia visikauke; huletwa kwetu ndani ya chombo chenye mfuniko; hulowekwa kwenye sabuni ya vimeng'enya; maungio yote hufunguliwa, vinavyotenganishika hutenganishwa, na kusugua hufanyika chini ya uso wa maji ili matone yasiruke. Bomba lenye tundu husuguliwa ndani kwa brashi inayolingana na tundu hilo. Sisi tuna miswaki miwili, na brashi moja ndefu ambayo nywele zake zimelala zote upande mmoja. Mwezi uliopita nilichukua bomba la kufyonzea lililokuwa rafuni, limetakaswa, limetiwa lebo, nikalipitishia kitambaa cheupe kwa waya. Kilitokea upande wa pili kikiwa na rangi ya kutu.

2. Otoklevu yetu inaendeshwa kwa kukisia.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye kiini cha barua hii na ndipo ninapojibiwa mara kwa mara kwamba "mashine inafanya kazi".

Mashine yetu kubwa ina geji mbili, ya shinikizo na ya joto. Ya joto ilikufa zamani, kwa hiyo tunaangalia shinikizo peke yake na kudhani joto limefuata. Joto halifuati kama ndani kuna hewa. Mvuke ukiwa peke yake kwenye shinikizo la pauni 15 kwa kila inchi ya mraba juu ya lile la kawaida hufika nyuzi 121. Ikiwa hewa imetoka nusu tu, sindano ya geji husimama palepale kwenye 15, lakini joto la ndani huwa kama nyuzi 112. Hewa isipotoka kabisa, joto hubaki kwenye nyuzi 100, na geji bado inasoma 15. Aliyesimama nje haoni tofauti yoyote.

Wala si suala la nyuzi peke yake. Mvuke huua kwa kuwa unapogusa chuma baridi hugeuka maji, na katika kugeuka huko huliachia joto lake lote kwa mkupuo. Hewa haifanyi hivyo. Ndiyo maana mvuke safi wa nyuzi 134 hukamilisha kwa dakika 3 kazi ambayo hewa kavu ya nyuzi 160 huhitaji saa 2 kuikamilisha. Mfuko wa hewa uliobaki katikati ya pakiti ya magauni, au ndani ya bomba jembamba, ni mahali ambapo utakasaji haukufanyika, hata kama sentimita chache kutoka hapo kila kitu kimekufa.

Jaribio la kugundua hewa hiyo lipo tangu mwaka 1963, lilipochapishwa na Bowie na wenzake, na hadi leo huitwa jaribio la Bowie na Dick. Walichukua tepu hii hii tunayoitumia sisi, wakaibandika kwa umbo la msalaba kwenye karatasi, wakaiweka katikati kabisa ya furushi la taulo na kuiendesha peke yake kwenye mashine tupu. Pembeni na katikati zikibadilika rangi sawasawa, hewa imetoka. Katikati ikibaki na rangi iliyopauka, hewa imebaki, na mashine haipaswi kupokea kitu chochote mpaka itengenezwe. Siku hizi karatasi huja ikiwa imeshaandaliwa. Mzunguko wake ni dakika 3 na nusu kwenye nyuzi 134, kila asubuhi, kabla ya mzigo wa kwanza. Katika muda wote niliofanya kazi katika kitengo hiki jaribio hilo limefanyika mara moja, siku alipokuja fundi, naye aliondoka na karatasi yake.

Kuhusu kipimo cha spora, hatujawahi kukifanya. Kichupa chenye spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria aliyechaguliwa kwa ajili hiyo kwa sababu huuvumilia mvuke kuliko karibu wote, huwekwa mahali pagumu kufikiwa na mvuke, kisha huoteshwa pamoja na kingine ambacho hakikupita kwenye mashine. Kilichopita kikiota, mzigo umeshindwa. Hapo ndipo mtu anaweza kusema ameua kitu. Bila kipimo hicho tunachoweza kusema ni kwamba tulichemsha.

Mpira wa mlango wa mashine umechanika upande wa chini, na umezibwa kwa kipande cha mpira mwingine kilichokatwa kwa wembe. Mwenzangu mmoja husimama pembeni anapofungua valvu, na simlaumu.

Ukutani mwa chumba cha upasuaji imebandikwa orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ile iliyotolewa mwaka 2008 yenye vipengele 19. Kabla ya ngozi kukatwa, timu ya wauguzi hutakiwa kuthibitisha kwamba vifaa vimetakaswa, pamoja na majibu ya viashiria, yaani alama na vipimo vinavyoonyesha kama utakasaji ulifanikiwa. Kila siku swali hilo huulizwa kwa sauti, na kila siku hujibiwa "ndiyo". Nawaomba, Waheshimiwa, mjiulize "ndiyo" hiyo inatoka wapi.

3. Pakiti hutoka zikiwa mvua, na zinatumika.

Pakiti yenye unyevu haihesabiki kuwa imetakaswa, hata kama mzunguko ulikwenda sawa, kwa sababu maji yanayopenya kitambaa huwabeba bakteria kutoka nje kuwaingiza ndani. Sisi huzitoa zikiwa za moto, tukazilaza juu ya meza ya chuma iliyo baridi, na mvuke uliobaki ndani hugeuka maji palepale. Nimeona pakiti zikianikwa mbele ya feni, na feni ile vumbi lake linaonekana kwa macho. Sababu nyingine ni kushindilia: mashine hujazwa mpaka mlango unasukumwa kwa bega, seti nzito chini na mabeseni yamelazwa kama masahani yanayokinga mvua. Mashine iliyojazwa hivyo hainyimi unyevu njia ya kutokea tu. Huunyima mvuke njia ya kuingilia.

4. Chafu na safi hukutana kwenye meza moja.

Sinki ni moja na meza ni moja. Kilichotoka kwa mgonjwa na kilichokwisha kuoshwa hupishana hapo, na anayesugua ndiye anayefunga, akiwa na aproni ileile. Vifaa vinapaswa kwenda njia moja, kutoka kwenye uchafu kwenda kwenye usafi, bila kurudi nyuma. Hata ukuta wa mbao ungetosha kwa kuanzia.

5. Seti hazitoshi, na upungufu huo umezaa njia za mkato.

Tuna seti mbili kamili za upasuaji wa uzazi. Siku ya ratiba iliyojaa huhitajika nne, na dharura haingoji ratiba. Matokeo yake seti ya mgonjwa wa kwanza husuuzwa, huingizwa kwenye otoklevu ndogo bila kufungwa, na hupelekwa ikiwa bado ya moto kwa mgonjwa wa tatu. Mzunguko huo wa haraka umewekwa kwa ajili ya jambo la dharura kweli, kama kifaa pekee kilichoanguka sakafuni wakati tumbo limefunguliwa, na hata hapo kifaa hutakiwa kiwe kimesafishwa kikamilifu kwanza. Kwetu ndio utaratibu wa kila Jumatatu.

Vifaa visivyostahimili joto huzamishwa kwenye glutaraldehaidi ya asilimia 2. Hutolewa baada ya dakika 20, na husemwa kwamba "vimetakaswa". Dakika 20 huua vijidudu vingi lakini si spora zote. Ili dawa hiyo itakase inahitaji saa 10, kisha kifaa kisuuzwe kwa maji yaliyotakaswa, siyo ya bomba. Tangu mtaalamu Spaulding alipopanga vifaa tiba katika makundi matatu, kwenye miaka ya 1950 na 1960, kanuni imekuwa moja: kinachoingia kwenye tishu safi za mwili au kwenye mishipa ya damu lazima kitakaswe, kinachogusa utando laini kama koo kinaweza kukubaliwa kwa kuua vijidudu kwa kiwango cha juu, kinachogusa ngozi nzima husafishwa tu. Tumekuwa tukivihamisha vifaa vya kundi la kwanza kwenda la pili kwa sababu ya saa ukutani.

6. Daftari haliwezi kumfuata mgonjwa.

Safu za tarehe, namba ya mzunguko, joto, muda na jina la mwendeshaji zimo kwenye daftari letu, na nyingi hujazwa kwa pamoja mwisho wa zamu kwa kukumbuka. Safu ya joto, kama mlivyokwisha kuelewa, hujazwa kwa kubuni. Lebo haina namba ya mzigo, na faili la mgonjwa halina namba ya seti. Kesho ikigundulika kwamba mzigo wa Jumanne ulishindwa, hakuna anayeweza kusema ulitumika kwa nani.

7. Wanaosafisha hawana kinga.

Tunavaa glavu nyembamba za uchunguzi kusugua vifaa vyenye ncha. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na wawili kati yetu hawajakamilisha chanjo. Sihitaji kurefusha.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa nimeshayasikia.

Itasemwa kwamba hakuna mgonjwa aliyethibitika kuambukizwa na vifaa vyetu. Ni kweli, na sababu yake ni kwamba hatujatafuta. Maambukizi ya kidonda cha upasuaji hufuatiliwa hadi siku 30, na palipowekwa kipandikizi, yaani kifaa kinachoachwa ndani ya mwili, hufuatiliwa hadi siku 90 kwa aina kadhaa za upasuaji. Wagonjwa wetu huruhusiwa baada ya siku chache, na mshono ukitoa usaha huenda kwenye zahanati iliyo karibu nao. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati asilimia 11 ya wanaofanyiwa upasuaji huambukizwa. Kama kwetu ni sifuri, tungepaswa kuwafundisha wengine. Na niwe mkweli kwa upande wa pili pia: sehemu kubwa ya maambukizi ya vidonda hutokana na bakteria walio kwenye ngozi na mwili wa mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo sidai kwamba kila mshono uliooza ulianzia kwenye sinki langu. Nadai kwamba hatuna njia ya kujua ni upi ulianzia hapo.

Itasemwa kwamba wagonjwa hupewa antibiotiki. Dozi inayotolewa kabla ya kukata ni kinga dhidi ya bakteria wachache walioponyoka utaratibu mzuri. Haikuwekwa ili kufidia utaratibu uliokosekana, na haina la kufanya kwa virusi vya homa ya ini.

Itasemwa, na hii naisikia hasa kwa madaktari vijana, tununue vifaa vya kutumia mara moja na kutupa. Uingereza ilijaribu mwaka 2001 kwa upasuaji wa mafindofindo, ikihofia prioni, yaani protini zilizoharibika zinazoambukiza ugonjwa wa ubongo, ambazo mzunguko wa kawaida wa otoklevu hauziui kwa uhakika. Kabla mwaka huo haujaisha England ilikuwa imeviondoa vifaa vile na kurudia vya zamani, baada ya taarifa za wagonjwa kuvuja damu na matatizo mengine yaliyohusishwa navyo. Kwa sindano na nyembe vya kutupa ni sahihi, hilo halina ubishi. Kwa kibanio na mkasi bado tutahitaji mtu anayejua kusafisha.

Na itasemwa bajeti. Otoklevu mpya ni ghali, nakubali, ndiyo maana siiombi. Brashi si ghali. Karatasi ya jaribio la asubuhi si ghali. Kumwagiza muuguzi wa usiku afunike vifaa kwa kitambaa kibichi hakugharimu chochote isipokuwa agizo lenyewe, na agizo hilo nimeliomba kwa maandishi mara tatu. Mwanasayansi Mfaransa Chamberland alitengeneza otoklevu mwaka 1879. Hakuna ninachokiomba ambacho ni uvumbuzi wa jana.

Kwa hiyo, kwa heshima na kwa msisitizo, naomba yafuatayo:

(a) Kuanzia wiki hii, agizo la maandishi kutoka kwa Muuguzi Mkuu kwamba vifaa vipanguswe mezani, vifunikwe vikiwa na unyevu, viletwe ndani ya chombo chenye mfuniko, na ndoo ya klorini iondolewe. Atakayekuwa zamu ya usiku upande wetu apangwe rasmi, hata kama ni mmoja.

(b) Ndani ya siku 14, brashi za vipimo vyote vya mabomba yetu, sabuni ya vimeng'enya, lenzi yenye taa ya kukagulia maungio, glavu nzito, miwani ya kinga, na chanjo kwa wote ambao hawajaikamilisha.

(c) Ndani ya siku 30, geji ya joto na mpira wa mlango vibadilishwe, na mashine ipimwe na fundi mwenye sifa ambaye taarifa yake itabaki kwetu. Tangu hapo, jaribio la Bowie na Dick kila asubuhi, kiashiria cha kemikali ndani ya kila pakiti na si nje tu, na kipimo cha spora angalau mara moja kwa wiki na kwa kila mzigo wenye kipandikizi, ambacho kisitumike mpaka jibu lisomwe.

(d) Seti mbili zaidi za upasuaji wa uzazi. Mpaka zipatikane, ratiba ya upasuaji usio wa dharura ipangwe kwa idadi ya seti zilizopo. Najua ombi hili litawaudhi wapasuaji kuliko mengine yote.

(e) Namba ya mzigo kwenye kila lebo, na lebo hiyo ibandikwe kwenye faili la mgonjwa.

(f) Mamlaka, kwa maandishi, ya muuguzi wa utakasaji kuzuia mzigo alioutilia shaka, bila kulazimika kumpigia mtu simu na bila kuitwa ofisini kesho yake. Kama mnaweza kutoa moja tu kati ya maombi haya, toeni hili, kwa kuwa mengine tutaweza kuyadai sisi wenyewe tukiwa nalo.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Kwa upande wangu, kuanzia Jumatatu ijayo nitaandika kwenye kila lebo kile nilichokiona, wala sitaongeza neno. Palipokuwa na neno "imetakaswa" nitaandika "imepita kwenye mashine, joto halikupimwa", kisha nitatia saini. Muuguzi atakayeulizwa swali la orodha ya usalama atalisoma hilo kwa sauti mbele ya daktari, na uamuzi wa kuendelea au kusimama utakuwa wa wale wanaoushika wembe.

Nawakaribisha pia mje wenyewe. Mzigo wa kwanza huingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimenunua karatasi moja ya jaribio kwa fedha yangu, iko kwenye droo ya meza ya kufungia, na sijaitumia. Ningependa tuifungue pamoja na kuitazama katikati yake.

Wenu katika kazi,

Muuguzi, Kitengo cha Utakasaji